Rushwa Ndogo Ni Mbili, Si Moja

Kila mwaka, ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapowasilishwa bungeni, Watanzania hupata wiki mbili tatu za kuzungumzia mabilioni. Tumeshazungumza Sh133 bilioni za akaunti ya EPA ndani ya Benki Kuu. Tumeshazungumza mkataba wa umeme wa Richmond, uliomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008, na sakata la Tegeta Escrow la mwaka 2014. Majina hayo yanajulikana hadi kijiweni. Lakini rushwa ambayo mtu wa kawaida ameishika kwa mkono wake haimo katika ripoti hizo. Ni noti ya elfu mbili iliyokunjwa ndani ya leseni, elfu kumi ya "maji" kwa karani wa masjala, "asante" anayodaiwa mama aliyejifungua kabla hajatoka wodini.

Rushwa hii huitwa ndogo, na kwa kuwa huitwa ndogo hupewa maelezo mafupi: mishahara haitoshi, maadili yameporomoka, ndivyo tulivyo. Maelezo hayo hayafiki mbali, kwa sababu yanaweka katika kapu moja vitendo viwili visivyofanana. Kuna mtu anayelipa ili apate kilicho haki yake. Kuna mwingine anayelipa ili akwepe kilicho wajibu wake. Wanaoumia ni tofauti, wanaonyamaza wananyamaza kwa sababu tofauti, na dawa inayomfaa mmoja haimfai mwingine. Sera na sheria zetu, kwa zaidi ya miaka 60, zimewatazama kama mtu mmoja.

Anayenunua haki yake

Mtu amepigwa na vibaka, anahitaji fomu ya polisi namba tatu, PF3, apeleke hospitali. Ndugu wa mwingine yuko mahabusu kwa kosa lenye dhamana. Wa tatu anafuatilia hati ya kiwanja alichokilipia ada zote. Wote wanadai kitu ambacho sheria imeshawapa. PF3 haiuzwi, dhamana haiuzwi, na bango linalosema hivyo limebandikwa ukutani katika vituo vingi vya polisi, wakati mwingine juu ya kichwa cha yule yule anayeuliza, "Sasa mzee, unatusaidiaje?"

Kinachouzwa hapo ni muda. Ofisa hawezi kukunyima moja kwa moja, maana ukilalamika utashinda. Anachoweza ni kukuchelewesha. Njoo kesho. Bosi yuko semina. Faili halionekani. Mtandao unasumbua. Kila neno katika hayo huenda likawa kweli siku hiyo, na hapo ndipo nguvu yake ilipo: kumwambia mtu aje kesho si kosa la jinai. Lakini kesho ina gharama. Anayetoka Mbagala kwenda katikati ya jiji mara tatu kufuata sahihi moja amelipa nauli mara sita na kupoteza vibarua vya siku tatu. Rushwa hupangiwa bei iliyo chini kidogo ya gharama hiyo, na mara nyingi haina haja hata ya kutajwa. Mlipaji anaijua kwa kupiga hesabu yake mwenyewe. Wahenga wa enzi ya rupia waliliona mapema: penye udhia, penyeza rupia.

Ubaya wake mkubwa ni kwamba udhia wenyewe hugeuka mtaji. Ofisa aliyezoea kuishi kwa fedha za kuharakisha hana sababu ya kutamani foleni itembee, maana foleni iliyosimama ndiyo duka lake. Fomu ya ziada, sahihi ya tatu, kivuli cha kitambulisho kilichothibitishwa na wakili: mengi ya masharti hayo yaliwekwa kwa nia njema, lakini kila moja likishakuwepo hupata mtu wa kulitetea. Nje ya ofisi nako huota ajira ya pili, vishoka wanaojua nani yuko zamu na nani anaongeleka. Kishoka hauzi hati wala umeme. Anauza njia fupi ya kumkwepa mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukuhudumia.

Anayenunua macho ya mkaguzi

Sura ya pili ni nyingine kabisa. Daladala imejaza hadi mlangoni. Trafiki anasimamisha. Faini ya kosa moja ni Sh30,000, na inatakiwa ilipwe serikalini kwa namba ya malipo. Konda anashuka na leseni ya dereva mkononi, anarudi baada ya dakika moja, safari inaendelea. Hapo hakuna aliyeonewa. Konda ameokoa sehemu kubwa ya elfu thelathini, askari amepata ya kwake, wameagana vizuri. Mwenye hasara hakuwepo kwenye mazungumzo: ni abiria anayening'inia mlangoni, au mtembea kwa miguu aliye kilomita kumi mbele.

Katika ukoo huu wamo lori linalopita mizani likiwa limezidisha, ghorofa zinazoongezwa juu ya zile zilizo kwenye kibali, duka la dawa linaloendeshwa na mtu asiyesomea dawa, na leseni ya udereva iliyopatikana bila mtihani. Yumo pia mnunuzi anayeulizwa dukani, "Na risiti au bila risiti?" akachagua bei ya pili. Yeye na muuzaji wamegawana Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18 kwa kiwango cha kawaida, na safari hii hata ofisa hakuhitajika.

Tofauti ya aina hizi mbili huonekana vizuri pale mtu anapotaka kutoa taarifa. Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU, ina namba ya bure, 113, na silaha yake iliyozoeleka ni mtego wa noti zilizowekwa alama. Mtego unahitaji mlalamikaji. Katika aina ya kwanza yupo, ana donge rohoni, na akihakikishiwa usalama wake atazungumza. Katika aina ya pili hakuna mlalamikaji, kwa sababu pande zote mbili zimefaidika. Kusubiri taarifa za wananchi kuhusu rushwa ya mizani ni kusubiri mwenye lori ajishtaki.

Zipo nyakati sura moja huvaa nguo za nyingine. Dereva asiye na kosa husimamishwa, akakaguliwa taa, kizima moto, pembetatu, matairi, mpaka kipatikane cha kumshikia. Anayelipa hapo hakwepi wajibu wowote. Ananunua haki yake ya kuendelea na safari. Ni aina ya kwanza, ingawa imefanyika barabarani.

Inakoangukia gharama

Kwa aina ya kwanza, mzigo huangukia wasio nacho. Elfu tano kwa mwenye duka la jumla ni chenji. Kwa mama muuza vitumbua ni unga na mafuta ya kesho. Tajiri anapigiwa simu faili lake likiwa tayari, maskini anakalia benchi. Kwa maana hiyo rushwa ya kuharakisha ni kodi inayopanda kadiri kipato kinavyoshuka, na isiyojenga hata choo cha shule.

Asiye na fedha hudaiwa kingine. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 ilitaja rushwa ya ngono kuwa kosa katika kifungu chake cha 25, na TAKUKURU yenyewe imeshafanya utafiti kuhusu tatizo hilo katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Dodoma. Mwanafunzi anayeshikiliwa alama zake na anayetafuta kazi akaitwa kwenye "usaili" wa jioni wako katika mtego ule ule wa PF3. Kilichocheleweshwa ni haki yao, na aliyekishika anajua kwamba kuchelewa kutawaumiza wao kuliko yeye.

Kisha kuna gharama isiyohesabika kwa shilingi: watu kujiondoa. Tafiti za kitaifa za utawala na rushwa za mwaka 2009 na 2020 ziliweka Polisi mbele katika orodha ya maeneo yanayolalamikiwa. Mtu anayeamini kwamba mwizi wake atatoka jioni hapeleki mwizi kituoni. Wengine hawapeleki taarifa, wengine wanamalizia pale pale mtaani kwa mawe na matairi. Wale "wananchi wenye hasira kali" wa magazetini wana makosa yao, na damu wanayomwaga mara nyingine ni ya asiye na hatia. Lakini hasira hiyo inalishwa na imani kwamba mlango wa haki una bei, na mwizi anaweza kuimudu kuliko aliyeibiwa.

Gharama ya aina ya pili husambaa kwa wote, na kwa kuwa inasambaa haionekani. Barabara zinatoa mfano ulio wazi kuliko yote. Majaribio makubwa ya wahandisi yaliyofanyika Illinois, Marekani, kuanzia mwaka 1958 yalionyesha kwamba madhara ya ekseli kwenye lami hayaongezeki sawasawa na uzito, bali kwa takriban kipeo cha nne. Ekseli iliyoruhusiwa tani 10 ikibebeshwa 12, uzito umeongezeka kwa asilimia 20, lakini madhara yamezidi maradufu. Ikibebeshwa 15, madhara ni karibu mara tano. Kwa hiyo kiasi kinachopokelewa mizani usiku hakilingani kabisa na kinachoharibika. Mwenye lori amepata faida ya tani chache za saruji, mpimaji amepata fedha ya mfukoni, na taifa limepoteza miaka ya uhai wa barabara iliyojengwa kwa mkopo ambao watoto wa wote wawili watasaidia kuulipa.

Leseni nazo zina ushahidi wake. Mjini Delhi, India, watafiti wakiongozwa na Marianne Bertrand waliwafuatilia waombaji wa leseni za udereva, na matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Walioahidiwa zawadi wakipata leseni haraka waliwaendea mawakala, wakaruka mtihani, wakaipata. Walipopimwa na mkaguzi huru, sehemu kubwa hawakujua kuendesha. Rushwa ilikuwa imeharakisha huduma kama inavyosifiwa, ila kilichotolewa haraka hakikuwa huduma tena.

Si njaa peke yake

Mwaka 1996 Rais Benjamin Mkapa aliunda tume chini ya Jaji Joseph Warioba kuchunguza kero ya rushwa. Ripoti yake iliyotoka Desemba mwaka huo inabaki kuwa maandishi muhimu kuliko yote tuliyonayo juu ya jambo hili. Ilitenganisha wanaopokea kwa sababu kipato hakikidhi mahitaji na wanaopokea kwa tamaa. Tangu hapo, "mishahara midogo" imekuwa jibu la haraka kila rushwa ndogo inapotajwa.

Mshahara una nafasi yake, lakini peke yake hautibu. Ghana ilipandisha mishahara ya polisi karibu maradufu mwaka 2010. Watafiti Kweku Opoku-Agyemang na Jeremy Foltz walilinganisha maelfu ya safari za malori kabla na baada ya hapo, wakitumia maofisa wa forodha na askari wa Burkina Faso, ambao hawakuongezewa, kama kipimo. Polisi wa Ghana walianza kudai zaidi kwa kila safari. Georgia, iliyofanikiwa zaidi, haikuishia kwenye mshahara: mwaka 2004 iliwaondoa kazini karibu askari wake wote wa usalama barabarani, ikaajiri wapya wachache na kuwalipa vizuri.

Sababu moja ya mshahara kushindwa ni kwamba fedha ya barabarani haikai barabarani. Nchini Kenya, Tume ya Huduma ya Polisi ilipokuwa ikiwahoji askari wa trafiki katika zoezi la kuwachuja, ilikuta miamala ya M-Pesa iliyokwenda kutoka kwa askari wa chini hadi kwa wakubwa wao. Ikiwa nafasi ya kusimama kwenye barabara yenye malori ina malipo ya juu, askari anayeingia zamu ana hesabu ya kupeleka, kama konda alivyo na hesabu ya tajiri. Kumwongezea mshahara ni kumwongezea uwezo wa kulipia nafasi nzuri zaidi.

Vipi kuhusu utamaduni? Mkono mtupu haulambwi, twaambiwa, na Mwafrika hamwendei mkubwa mikono mitupu. Hoja hiyo ilishawahi kupewa nguvu ya sheria. Marekebisho ya mwaka 2000 ya Sheria ya Uchaguzi yaliruhusu wagombea kutoa "takrima" kwa wapiga kura, kwa madai kwamba ni ukarimu wa kijadi. Mwaka 2006, katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili, Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba. Mila zetu hazikumfundisha mgeni kulipa ili apewe kiti. Zawadi ya kijadi hutolewa hadharani, mpokeaji hurudisha siku yake ikifika, na asiyetoa hafukuzwi. Bahasha ya ofisini haina hata moja kati ya sifa hizo.

Viboko, tume na mashine

Tumejaribu mengi. Sheria ya Adhabu za Chini ya mwaka 1963 iliweka kifungo kisichopungua miaka miwili pamoja na viboko 24 kwa makosa yakiwemo ya rushwa. Mwaka 1971 ikaja Sheria ya Kuzuia Rushwa, mwaka 1975 kikosi maalumu cha kuizuia, mwaka 2007 sheria mpya na TAKUKURU yenyewe, na mwaka 2016 divisheni ya Mahakama Kuu iliyozoeleka kama mahakama ya mafisadi. Katika kipimo cha Transparency International, Tanzania ilipanda kutoka alama 30 kati ya 100 mwaka 2015 hadi 41 mwaka 2024. Si jambo la kubeza. Kenya mwaka huo ilipata 32. Ila kipimo hicho hukusanya maoni ya wataalamu na wafanyabiashara. Hakimuulizi aliyekaa kwenye benchi la zahanati.

Ukitafuta hatua zilizomfikia huyo wa kwenye benchi, utakuta si zile za vitisho. Ni zile zilizoondoa sababu ya kukaa kwenye benchi. Mfumo wa malipo ya serikali kwa namba maalumu, ulioanza mwaka 2017, uliwatoa makarani wengi kwenye kushika fedha taslimu: mlipaji hulipa kwa simu na risiti humfikia bila kupita mkononi mwa mtu. Mkoani Mbeya, mwaka 2013, RITA, wakala wa serikali wa usajili, ilianza kuandikisha vizazi vya watoto wa chini ya miaka mitano katika vituo vya afya na ofisi za kata, bila ada na kwa cheti cha kuzaliwa kinachoandikwa papo hapo. Safari ya kwenda wilayani, iliyokuwa shamba la vishoka, ikaondoka. Kenya ilifungua vituo vya Huduma mwaka huo huo kwa wazo linalofanana. Nchini Uganda, kati ya mwaka 1991 na 1995, ni asilimia 13 tu ya ruzuku ya shule za msingi iliyozifikia shule. Serikali ikaanza kutangaza magazetini na kwenye mbao za shule kiasi kilichotumwa, na kufikia mwaka 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika, ingawa wachambuzi wengine wanasema kulikuwa na mageuzi mengine pia.

Lakini tazama: karibu hatua zote hizo zinatibu aina ya kwanza. Namba ya malipo haimzuii mtu ambaye hataki kuandikiwa faini kabisa. Kwa aina ya pili kinachohitajika ni kinyume chake, yaani macho mengi zaidi na kumbukumbu isiyofutika: mizani inayopima lori likiwa linatembea na kupeleka uzito moja kwa moja makao makuu, kibali cha ujenzi kilichobandikwa mbele ya jengo kikitaja idadi ya ghorofa ili jirani ahesabu mwenyewe, kamera, na ukaguzi wa kushtukiza unaofanywa na mtu wa wilaya nyingine. Aina ya kwanza hufa ofisa anapopunguziwa nafasi ya kuamua. Ya pili hufa anapoamua huku akionekana.

Sheria iwatenganishe

Kifungu cha 15 cha sheria ya mwaka 2007 kinamtia hatiani mtoaji na mpokeaji. Kwa maneno inaonekana haki: bila mtoaji hakuna mpokeaji. Kwa matokeo, kinamfunga mdomo mtu pekee anayeweza kusema. Mama aliyetoa elfu ishirini ili mwanawe apate kitanda, akishatoa, anakuwa mkosaji pamoja na aliyempokonya. Mwaka 2011 mchumi Kaushik Basu, akiwa mshauri mkuu wa uchumi wa serikali ya India, alipendekeza kwamba anayetoa rushwa ili apate haki yake asihesabiwe mkosaji, na arudishiwe fedha zake akithibitisha. Alipingwa vikali. Wapinzani walisema pendekezo lake litahalalisha utoaji na kuzoesha watu.

Hofu hiyo ina uzito, lakini inajibika. Hakuna haja ya kuruhusu utoaji. Inatosha sheria itamke kwamba aliyelipa ili apate huduma aliyostahili, na akatoa taarifa ndani ya muda uliowekwa, hatashtakiwa. Tunayo tayari Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015; kinga hii ingeipa kazi kwa watu wa kawaida, si kwa mashahidi wa kesi kubwa tu. Kwa upande wa pili adhabu ielekee juu zaidi. Lori likikamatwa limezidisha na limepitishwa, asibaki dereva peke yake kizimbani. Awepo tajiri aliyepakia, na leseni yake ya usafirishaji iwe hatarini.

Na kuchelewesha kupewe bei. Mikataba ya huduma kwa wateja ipo katika taasisi nyingi, imechapwa vizuri, imewekwa kwenye fremu. Inaeleza siku ngapi huduma itachukua. Haielezi nini kitamtokea anayezipitisha. Ofisi ikivuka siku zake bila sababu ya maandishi, mwombaji arudishiwe ada, na idadi ya marejesho hayo iingie kwenye tathmini ya mkuu wa ofisi. Siku ile "njoo kesho" itakapomgharimu anayeitamka kuliko anayeambiwa, biashara hiyo itakosa bidhaa.

Hadi hapo msomaji ana silaha tatu ndogo zisizohitaji sheria mpya. Omba namba ya malipo kwa kila unachotozwa. Omba sababu ya kucheleweshwa kwa maandishi, yenye jina na tarehe. Na unapokuwa wewe ndiye mwenye kosa barabarani, lipa faini. Hatuwezi kudai ofisa aache kutuuzia haki zetu asubuhi, halafu jioni tukamtaka atuuzie macho yake.